Mndimu wa uani Tabora: kuuvusha kiangazi mpaka uzae ndimu za Desemba

Mwezi Machi na Aprili, ukinunua ndimu sokoni Tabora muuzaji anakuongezea mbili tatu bila kuombwa. Ifike Oktoba, fungu limekonda, ndimu zenyewe kavu, na anayekaanga migebuka iliyokuja na treni kutoka Kigoma anakamua nusu ndimu kwa kujibania.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakata mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha ni jua tu. Mndimu unaotegemea mvua hutoa maua mvua za kwanza zinapogusa ardhi, na ua huchukua miezi minne hadi mitano kuwa ndimu ya kukamua. Kwa hiyo miti ya mji mzima inakomaza kwa pamoja. Mwenye mndimu mmoja uani na maji ya ndoo anaweza kuuhamisha msimu huo. Ila kwanza mti wenyewe ufike umri wa kuhamishiwa msimu, na kinachoua miche mingi hapa mjini ni Septemba na Oktoba za mwaka wa kwanza: kiu, jua na mchwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari za kiangazi.

Ninaongelea ndimu ya kienyeji, ile ndogo ya duara, yenye mbegu na mti wa miiba. Mlimau, mchenza na mchungwa vinafuata karibu utaratibu uleule.

Kuchagua mche

Njia ya mbegu si ya kudharau kwa ndimu. Mbegu moja mara nyingi hutoa machipukizi mawili au matatu, na mengi yake hufuata mti mama bila kuchanganyika, kwa hiyo ukiotesha mbegu za mndimu mzuri wa jirani una matumaini ya kupata unaofanana nao. Chukua ndimu iliyoiva ikawa ya njano, toa mbegu, zioshe utelezi, kisha zifukie siku hiyohiyo, kina cha sentimita moja, kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) chenye udongo wa juu, mchanga na mboji. Usizianike. Mbegu za jamii ya machungwa zikikauka hufa. Zitaota kati ya wiki mbili na nne. Bakiza chipukizi lenye nguvu kuliko mengine na uhamishie mche shambani baada ya kama mwaka mmoja. Kasoro ya njia hii ni subira: miaka minne, mitano, hata sita kabla ya ndimu ya kwanza.

Mche wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mndimu juu ya shina la mlimau, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Shina linalofaa zaidi huku ni la limau la kienyeji lenye ganda la manundu, kwa sababu mizizi yake huenda mbali kutafuta maji na kichanga chetu hakiishikilii mvua kwa muda mrefu. Mimi ningelipia huu.

Ukifika kitaluni usinunue kwa maneno. Inama uangalie shina: mche uliobebeshwa una kovu au kipindo kidogo sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo, na mara nyingi gome la chini ya kovu halifanani rangi na la juu. Shina likiwa limenyooka bila kovu, huo ni wa mbegu hata muuzaji akikuapia. Kisha geuza kiriba uangalie chini. Kama mzizi mnene umetoboa ukaingia ardhini na muuzaji ameung'oa kwa kuukata, mwachie. Mche wa futi mbili wenye shina la unene wa penseli ni bora kuliko mrefu uliolala. Ule unaopendeza kwa kuwa na ndimu tatu tayari ndani ya kiriba unauzwa haraka, lakini umetumia nguvu zake vibaya. Ukiununua, toa hizo ndimu kabla ya kupanda, na endelea kutoa maua yote mwaka wa kwanza.

Mahali na shimo

Nyua nyingi za Tabora zina mwembe, na mtu huona chini yake pana ubaridi akadhani panafaa. Hapafai. Mndimu unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na mizizi ya mwembe itanywa kila ndoo utakayomwaga. Sogea mita kadhaa kutoka mwisho wa kivuli chake, kaa mita tatu kutoka ukutani na mbali na shimo la choo. Ukipanda miwili, iachanishe mita nne hadi tano.

Kabla ya kuamua, chimba kishimo cha kina cha mkono, ujaze maji, uondoke. Yakizama ndani ya saa chache, panafaa. Yakikutwa yamesimama kesho yake, hiyo ni ardhi ya mbuga, yaani udongo mzito unaotuamisha maji, au kuna tabaka gumu chini, na mndimu hautaki miguu yake ishinde majini. Hapo inua kilima cha udongo cha sentimita 40, upana mita moja na nusu, upande juu yake.

Shimo lichimbwe Septemba au Oktoba, mvua zikiwa bado. Ardhi ni ngumu miezi hiyo. Mwaga ndoo mbili za maji jioni, uchimbe asubuhi. Kipimo ni sentimita 60 kila upande na kina sentimita 60. Udongo wa juu, wenye weusi, uweke upande mmoja, na wa chini upande wa pili. Ondoa kila mzizi na kipande cha mti utakachokikuta, kwa sababu hicho ni chakula cha mchwa. Changanya udongo wa juu na debe moja na nusu au mawili ya samadi iliyooza, rudisha shimoni kwanza, halafu malizia na wa chini. Acha shimo litulie mpaka mvua. Samadi iliyooza ukiishika haina joto na inanukia udongo. Ikinukia zizi, iache kwanza, maana inaunguza mizizi na inawaita mchwa vilevile.

Siku ya kupanda

Mvua ya kwanza ya Novemba inadanganya. Inaweza kufuatwa na wiki mbili za jua kali. Subiri mpaka ardhi ilowe kina cha jembe, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba, upande jioni.

1. Mwagilia kiriba asubuhi ili udongo ushikamane.
2. Fukua katikati ya shimo nafasi ya kutosha kiriba tu.
3. Chana kiriba kwa wembe upande mmoja na chini. Mizizi iliyojizungusha ikate.
4. Weka mche ili udongo wa kiriba ubaki juu kidogo ya usawa wa ardhi, kama vidole viwili, kwa sababu shimo litashuka. Kovu la kubebeshwa lisiguse udongo kamwe.
5. Shindilia kwa mikono, usikanyage. Mwaga lita 20 za maji hata kama mawingu yametanda.
6. Tengeneza kisahani cha kupokea maji chenye kingo nusu mita kutoka kwenye shina, na karibu na shina weka kituta kidogo ili maji yasisimame kwenye gome.

Hicho kituta cha mwisho watu hukiruka. Gome la mndimu likishinda na unyevu huanza kupasuka na kutoa gundi ya rangi ya kahawia sentimita chache juu ya ardhi, na ugonjwa huo ukizunguka shina lote mti umekwenda.

Kiangazi cha kwanza

Kabla ya katikati ya Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu, tandaza. Pumba za mpunga kutoka mashineni, maganda ya karanga, majani makavu ya mwembe, vyote vinafaa. Unene ni sentimita 10, kuanzia ukingo wa kisahani kuja ndani, lakini acha sentimita 20 kuzunguka shina zikiwa wazi kabisa. Ukichelewa mpaka Julai utakuwa unafunika vumbi.

Maji: lita 40 kwa wiki kwa mche wa mwaka wa kwanza. Kwenye udongo mzito kidogo, ndoo ya lita 20 mara mbili. Kwenye kichanga igawe, lita 10 mara nne, kwa sababu kichanga hupitisha yote kwa mpigo yakapotea chini ya mizizi. Septemba na Oktoba, jua linapokuwa kali kuliko miezi yote, ongeza nusu yake. Kipimo cha kweli ni kidole: kizamishe chini ya matandazo mpaka kiungo cha pili, kikitoka kikavu, mwagilia leo. Majani yakijikunja kama mtumbwi mchana na kufunguka asubuhi, mti unakuonya. Yakibaki yamejikunja hata asubuhi, umeshachelewa, na kinachofuata ni kupukutisha.

Kwa mtu ambaye bomba la mtaani kwake lina siku zake, au anayesafiri, chungu ni mkombozi. Tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, cha lita tano hadi kumi. Kizike mpaka shingoni, sentimita 40 kutoka kwenye shina, ukijaze maji na kukifunika vizuri mbu wasizaliane. Maji hupenya kwenye kuta zake polepole kadiri udongo unavyokauka, na mizizi itakifuata yenyewe. Baada ya wiki chache ukifukua pembeni utaona vijizizi vyeupe vimekikumbatia chungu. Unajaza kila baada ya siku tatu au nne. Mti ukikua, weka cha pili upande mwingine.

Maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kusuuza vyombo, yape mti bila wasiwasi. Ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga, au yenye dawa ya kung'arisha nguo, yamwage kwingine.

Jua la Oktoba huunguza gome changa upande wa magharibi. Paka shina chokaa ya kupakia ukuta iliyochanganywa na maji, kuanzia ardhini mpaka matawi yanapoanzia. Na zungushia matawi ya miiba, maana mbuzi wa kiangazi anatafuta chochote cha kijani na miiba ya mndimu mchanga haimtishi.

Mchwa

Mchwa wa huku hupendelea mti mkavu, lakini mche wenye kiu ni mawindo yao, kwa hiyo umwagiliaji ni kinga ya kwanza. Ya pili ni kutowawekea chakula. Kijiti kikavu cha kuegemezea mche ndicho mlango wao wa kawaida: wanakimaliza kijiti halafu wanahamia kwenye gome. Tumia kipande cha nondo au bomba, au usiegemeze kabisa.

Kila wiki pitisha macho kwenye shina. Ukiona njia ya udongo imepanda, ikwangue kwa mkono, futa gome kwa kitambaa chenye maji, na fukua kidogo chini uone inakotokea. Majivu ya jikoni yakimwagwa kwenye ardhi iliyo wazi kuzunguka shina husaidia kwa muda, lakini mvua au maji ya ndoo yakiyalowesha yamekwisha kazi, uyarudie. Kama kichuguu kiko ndani ya ua, dawa ya kudumu ni kukifukua mpaka kwa malkia. Ni kazi ya jasho, na ukiacha malkia umefanya mazoezi tu.

Mbolea na kukata matawi

Samadi debe moja kila mwaka mvua zikianza, ikitandazwa chini ya mwavuli wa mti na kufukiwa kwa juujuu. Mti ukifika mwaka wa nne, madebe mawili hadi matatu. Mbolea ya dukani, kwa mche wa mwaka wa kwanza, ni gramu 100 za CAN (mbolea ya naitrojeni) mara mbili ndani ya msimu wa mvua, mbali na shina, ardhi ikiwa imelowa. Ongeza taratibu kila mwaka, usizidishe gramu 500 kwa mara. Kwenye familia za wakulima wa tumbaku hukosi NPK 10-18-24 iliyobaki stoo; nayo inafaa kuanzia mvua, kwa kiasi hichohicho.

Kukata matawi ni kidogo sana. Kila chipukizi linalotoka chini ya kovu la kubebeshwa liondoe likiwa bado laini, kwa sababu hilo ni limau, na likiachwa litaumeza mndimu wako. Baada ya kuvuna, toa matawi makavu na yanayosuguana. Vaa mikono mirefu.

Wadudu utakaowaona

Kwenye majani machanga utakuta kiwavi anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege, kahawia na mabaka meupe, ametulia juu ya jani mchana kweupe. Ndege wanampita hivyohivyo. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mti mkubwa haumjali, lakini mche wenye majani ishirini anaweza kuubakiza vijiti ndani ya siku chache. Mtoe kwa mkono kila asubuhi. Hakuna dawa inayoshinda hiyo.

Michirizi ya fedha kwenye majani mapya ni ya kiwavi mdogo anayechimba ndani ya jani. Inatisha kuiangalia, lakini kwa mti uliokwisha kushika iache.

Vidukari hukusanyika kwenye vichomozi na kuvikunja. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa msururu na majani yamepata masizi meusi, juu kuna vidukari au wadudu magamba, na sisimizi wanawachunga kwa ajili ya utamu wao. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja na nusu ya maji, puliza chini ya majani jioni, rudia baada ya wiki. Wakizidi, tumia mwarobaini: twanga gramu 50 za kokwa zake zilizokauka, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni kwa sababu jua huua nguvu yake. Vidukari usiwachekee, maana ndio wanaosambaza kirusi kinachodhoofisha mindimu taratibu. Na wakati maua yamefunguka usipulize kitu chochote. Mkoa huu unaishi kwa asali, na nyuki wanaokuja kwenye mndimu wako wana mzinga wa mtu mahali fulani.

Ugonjwa wa kuogopa ni ule wa majani kuwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, matawi kukauka kutoka ncha, na matunda kubaki madogo yaliyopinda. Huo hauna tiba. Usichanganye na njano inayopita kati ya mishipa kwa kulingana pande zote, na majani kuwa membamba. Hiyo ni kukosa zinki, kawaida ya kichanga, na mbolea ya majani yenye zinki huisaidia. Ukishindwa kutofautisha, kata tawi lenye majani umpelekee bwana shamba wa kata kabla hujang'oa mti.

Kuunyima maji ili uzae nje ya msimu

Hii ni kwa mti wenye afya uliofika miaka minne au zaidi. Usiijaribu kwa mche, wala kwa mti uliotoka kuugua.

Mvua zikishakata katikati ya Mei, vuna ndimu zilizobaki, sogeza matandazo pembeni, na acha kumwagilia kabisa. Kwenye kichanga wiki tatu au nne zinatosha. Kwenye udongo mzito inaweza kufika wiki sita. Angalia majani kuliko kalenda. Unachotafuta ni majani kujikunja mchana na kuchelewa kufunguka asubuhi, na machache kuanguka. Hapo ndipo pa kusimama. Wanaosubiri mti ubaki uchi huvuna kuni.

Siku ya kurudisha maji, anza na nusu: lita 20 hadi 30 leo, kiasi hichohicho baada ya siku mbili, kisha ndani ya wiki fika kwenye kiwango kamili, ambacho kwa mti wa umri huo ni lita 60 hadi 80 kwa mara moja, mara mbili kwa wiki. Maji yamwagwe chini ya ukingo wa mwavuli, huko ndiko mizizi inayokunywa iliko. Mara ya pili tia gramu 200 za CAN na urudishe matandazo. Wiki tatu hadi nne baadaye, yaani Julai, utaanza kuona vichomozi na vifundo vyeupe vya maua.

Sisilia, huko Italia, wakulima wa malimau wanafanya vivyo hivyo kupata mavuno ya kiangazi wakati masoko ni matupu. Kwao wanaukausha mti katikati ya joto. Sisi tuna bahati kwamba Mei na Juni ni miezi ya baridi, mti hauteseki sana.

Maua mengi yataanguka, na vindimu vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi pia. Hiyo ni kawaida, mti unabakiza unavyoviweza. Kuanguka kubaya ni kule kwa ndimu zilizofika ukubwa wa gololi mwezi Septemba, na sababu karibu siku zote ni kuruka zamu za maji. Kama hujui utapata wapi lita 150 kila wiki mpaka Novemba, ni heri uuache mti uende na mvua zake.

Kuvuna

Ndimu iko tayari ganda likianza kuwa laini na kung'aa, kijani kikififia kidogo, na ukiibonyeza inabonyea. Usisubiri njano kama unataka kuuza. Ya njano ina maji mengi lakini haikai. Ikate kwa mkasi ukibakiza kikonyo kifupi, kwani ikinyofolewa huchanika pale juu na kuanza kuoza. Zinazoanguka zitumie siku hiyohiyo.

Kivulini, kwenye kapu, zinakaa wiki moja hadi mbili. Ndani ya mfuko kwenye friji, zaidi ya mwezi. Zikizidi, kamua, gandisha maji yake kwenye vibakuli vidogo, au tengeneza achari kwa kuzipasua, kuzitia chumvi na pilipili na kuzianika juani ndani ya chupa mpaka ganda lilainike.

Baada ya kukamua ndimu nyingi, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kabla ya kutoka juani. Maji ya ndimu yakikaushwa na jua juu ya ngozi huibabua, yakaacha malengelenge na mabaka meusi ya wiki kadhaa. Watoto wanaochezea maganda uani nao uwanawishe.